Kompyuta Inaganda Ovyo? Pitia Hapa Kabla Hujapiga Windows

Swali ni lile lile, linabadilisha nguo tu. "Kompyuta yangu inastaki." "Kioo kimeganda, mausi haisogei." "Inaganda ikijisikia, shida nini?" Na jibu la haraka la mtaani nalo ni lile lile: piga Windows, yaani futa kila kitu na uiweke Windows upya. Mtu anapiga, anapoteza picha za harusi na mafaili ya kazi, siku ya tatu inaganda tena. Ugonjwa haukuwa kwenye Windows.

Mwongozo huu ni wa mwenye kompyuta ya mezani nyumbani hapa Tabora, hasa haya maboksi ya Dell na HP yaliyotumika nje kwanza kabla ya kufika kwetu. Mwenye laptopu afuate vilevile, ila sehemu za kufungua boksi amwachie fundi kama hajawahi kufungua. Tunaanza na visivyo na gharama, vya kununua vinakuja mwisho.

Kanuni ni moja: badilisha kitu kimoja, halafu subiri. Ukisafisha vumbi, ukabadili ramu (kumbukumbu ya muda ya kompyuta) na kupiga Windows siku hiyo hiyo, kompyuta ikipona hutajua dawa ilikuwa ipi. Isipopona, hutajua kama umeongeza ugonjwa mwingine.

Andaa hivi kwanza

- Daftari na kalamu. Usicheke, hiki ndicho kifaa muhimu kuliko vyote.
- Flashi tupu ya GB 8 au zaidi. Kila kilichomo kitafutwa.
- Hadi diski (diski ngumu) ya nje au flashi nyingine kubwa ya kuhifadhi mafaili yako.
- Bisibisi ya nyota.
- Brashi laini ya rangi, mpya, ya inchi 1, na pampu ya baiskeli.
- Ufutio mweupe wa penseli, spiriti kidogo, kitambaa kisichotoa nyuzi.
- Bando la karibu GB 4.
- Malitimita (kipima umeme), kama unaweza kuazima.

Tenga jioni tatu au nne za kazi, mbali na siku za kusubiri. Kabla ya hatua ya kwanza, nakili mafaili yako muhimu yote. Kama diski ndiyo inayokufa, kila saa unayoitumia inaisogeza karibu na kaburi.

Hatua ya 1: Soma namna inavyoganda

Ikiganda, usikimbilie kitufe cha kuzimia. Tazama saa, subiri dakika mbili. Kisha bonyeza Caps Lock mara kadhaa uangalie taa yake kwenye kibodi.

Kama mausi inatembea, taa inawaka na kuzima, ila dirisha moja tu limegoma, hiyo ni programu moja iliyokwama au ramu imejaa. Bonyeza Ctrl + Shift + Esc, ichague, bofya End task. Kwenye dirisha hilo hilo angalia safu ya Memory. Ikiwa inakaa juu ya asilimia 90 na kompyuta ina GB 4 tu, umeshapata jibu: ongeza ramu, au acha kufungua kurasa ishirini kwa mpigo.

Kama inaganda nusu dakika hadi dakika moja, taa ya diski ikiwaka bila kupepesa, kisha inazinduka yenyewe, nenda moja kwa moja hatua ya 6.

Kama kila kitu kimekufa, Caps Lock haibadiliki, na sauti ya muziki inajirudia neno moja kama santuri iliyochanika, mashine nzima imesimama. Washukiwa ni ramu, umeme, joto, au draiva mbovu (programu inayoendesha kifaa).

Kama kioo kimekuwa cheusi au kimejaa mistari lakini sauti inaendelea, bonyeza Windows + Ctrl + Shift + B. Hiyo inaanzisha upya draiva ya picha. Kioo kikirudi, mshukiwa wako ni draiva hiyo au kadi ya picha.

Kama inazima kabisa au inajiwasha upya, hiyo siyo kuganda. Anza na hatua ya 3 na ya 4.

Andika kwenye daftari: tarehe, saa, ulikuwa unafanya nini, ilikuwa imewashwa muda gani, na umeme ulikuwa wa gridi, jenereta au sola. Mistari mitano ya namna hii inamsaidia fundi kuliko maelezo ya nusu saa. Ukimaliza kuandika, shikilia kitufe cha kuwashia mpaka izime. Huchukua sekunde 5 hivi au zaidi.

Hatua ya 2: Chomoa vyote usivyovihitaji

Acha kioo, kibodi na mausi tu. Printa, modemu, spika za USB, kamera, flashi, hata kadi ya kumbukumbu iliyosahaulika kwenye tundu lake, toa. Itumie hivyo siku mbili. Flashi inayokufa inaweza kusimamisha kompyuta nzima ikisubiri jibu lisilokuja. Isipoganda tena, rudisha kifaa kimoja kwa siku.

Hatua ya 3: Umeme

Umeme wetu ni volti 230. Nyuma ya baadhi ya pawa saplai (kile kiboksi kinachopokea waya wa umeme) za zamani kuna swichi ndogo nyekundu yenye namba 115 na 230. Lazima isome 230. Usiichezee kujaribu: ukiiweka 115 na kuwasha, pawa saplai inalipuka hapo hapo.

Fuata waya kuanzia ukutani. Soketi inayocheza, plagi yenye weusi wa kuungua, ekstensheni inayopata moto, vyote ni vya kutupa. Usichomeke kompyuta kwenye ekstensheni moja na friji, pasi au hita. Kila kompresa ya friji inapoanza, volti inazama kwa kitambo kifupi, na pawa saplai iliyochoka haiwezi kuziba pengo hilo. Daftari lako likionyesha kwamba kompyuta inaganda kila friji inaponguruma, huna haja ya kuendelea kusoma.

Stabilaiza na UPS ni vitu viwili. Stabilaiza inarekebisha volti ikipanda au kushuka, ila umeme ukikatika nayo inakatika. UPS ina betri, inakupa dakika chache za kuhifadhi kazi na kuzima. Betri ya UPS nayo huzeeka. Chomoa plagi ya UPS ukutani kompyuta ikiwa imewashwa na hakuna kazi iliyofunguliwa. Ikizimika papo hapo, unamiliki ekstensheni nzito tu.

Wanaotumia sola waangalie inverta. Zile za bei nafuu hazitoi wimbi laini kama la gridi, zinatoa wimbi la ngazi ngazi. Pawa saplai nyingi za kisasa hazilipendi: zinavuma, zinapata joto, na kompyuta inaganda au kuzima mzigo ukiongezeka. Tafuta inverta iliyoandikwa "pure sine wave".

Ukigusa bati la boksi ukahisi umeme unakuwashawasha vidoleni, nyumba yako haina ethi (waya wa ardhini) inayofanya kazi. Zima, ita fundi umeme. Hilo haliwezi kusubiri kesho.

Hatua ya 4: Vumbi na joto

Hapa ndipo kompyuta nyingi za Tabora zinapoponea, na haigharimu kitu. Kiangazi chetu ni kirefu, vumbi la barabara za mitaa ya Isevya au Ng'ambo linaingia hata dirisha likiwa limefungwa, na Septemba na Oktoba chumba chenyewe kinachemka kabla hujawasha chochote. Kompyuta inavuta hewa hiyo siku nzima.

1. Zima, chomoa waya wa umeme, kisha bonyeza kitufe cha kuwashia kwa sekunde 10 kumaliza chaji iliyobaki.
2. Toa boksi nje barazani. Ukifanyia ndani, vumbi linarudi lilikotoka.
3. Fungua ubavu. Gusa bati tupu la boksi kwa mkono ili kuondoa umeme tuli mwilini kabla ya kugusa kingine.
4. Zuia mapanga ya feni kwa kidole, kisha puliza kwa pampu ya baiskeli huku ukisugua taratibu kwa brashi. Feni isipozuiwa inazunguka kwa kasi isiyo yake, inaua beringi zake na inaweza kurudisha umeme kwenye madabodi (bodi kuu ya kompyuta).
5. Chunguza kati ya feni na hitisinki (chuma cha kupoozea) ya prosesa, ubongo wa kompyuta. Mara nyingi vumbi hapo limejishona kama zulia: ukitazama kwa juu feni ni safi, chini yake hakuna hewa inayopita. Ikibidi, fungua skrubu za feni na uitoe.
6. Puliza pawa saplai kupitia matundu yake. Usiifungue. Kapasita za ndani zinashika umeme wa kuumiza hata baada ya kuchomoa waya.
7. Angalia wageni: mende, sisimizi, mayai ya mjusi. Kinyesi cha mende kwenye madabodi kinaunganisha njia zisizotakiwa kukutana. Safisha kwa brashi na spiriti, acha ikauke kabisa.

Usipulize kwa mdomo, mate yanaingia. Na usipeleke boksi kwa wajaza upepo wa matairi. Kompresa yao inatoa maji na mafuta pamoja na hewa, na nguvu yake inang'oa vipande vidogo kwenye madabodi.

Kama mashine ina miaka mingi bila kubadilishwa pesti ya prosesa (ile inayopitisha joto kwenda kwenye hitisinki), hii ndiyo nafasi. Washa dakika kumi ili pesti ya zamani ilainike, zima na chomoa, legeza skrubu, kisha zungusha hitisinki kidogo kulia na kushoto kabla ya kuinua. Ukiivuta juu kwa nguvu, hasa kwenye prosesa za AMD za zamani, inaweza kung'oka na prosesa yake na kukunja pini. Futa pesti ya zamani kwa spiriti, weka mpya kiasi cha punje ya choroko katikati, rudisha. Kupaka nyingi hakupoozi zaidi.

Rudisha boksi mahali pake, ila siyo sakafuni. Tofali mbili chini yake zinatosha kupunguza vumbi. Acha nafasi ya kiganja nyuma na pembeni. Na kile kitambaa cha kufuma kinachopendeza juu ya boksi kisifunike matundu. Mama akikirudisha, mweleze kwa upole.

Sasa pima. Pakua HWMonitor au Core Temp, programu za kuonyesha joto. Kompyuta ikiwa imetulia, nyuzi 35 hadi 55 ni sawa. Katika kiangazi ongeza kidogo. Ikifanya kazi nzito, 60 hadi 80 ni kawaida. Kuanzia 90 kwenda juu kuna tatizo. Fahamu pia kwamba prosesa yenye joto kali kwanza hupunguza kasi, kisha huzima mashine. Kama yako inaganda ikiwa nyuzi 50, acha kulaumu joto, endelea mbele.

Hatua ya 5: Ramu

Mashine imezimwa na kuchomolewa. Fungua klipu za pembeni, toa ramu, futa meno yake ya dhahabu kwa ufutio pande zote mbili, pangusa, rudisha mpaka klipu zilie "tak". Ramu isiyokaa sawasawa ni chanzo cha kawaida sana cha kuganda kusiko na ratiba.

Zikiwa mbili, tumia moja siku mbili, kisha nyingine siku mbili, kwenye tundu lile lile. Ikiganda na moja tu, umeipata. Ikiganda na zote, hamishia tundu la pili kabla ya kuzihukumu. Ukinunua nyingine, kumbuka DDR3 haiingii mahali pa DDR4. Ufa wa katikati hauko sehemu moja. Isipoingia, usiisukume.

Kwa uhakika zaidi, weka MemTest86+, programu ya kupima ramu, kwenye flashi na iache ifanye kazi usiku kucha, angalau mizunguko minne. Kosa moja tu likitokea, kuna ubovu. Windows ina kipimo chake, `mdsched.exe`, ambacho ni cha haraka, lakini huachia ramu mbovu nyingi zipite.

Hatua ya 6: Diski

Pakua CrystalDiskInfo, programu ya kuonyesha afya ya diski, ifungue. Kwa hadi diski, tafuta namba hizi nne upande wa kushoto, kisha usome safu ya Raw Values ya kila moja:

- 05: sehemu mbovu zilizokwisha kubadilishwa.
- C5: sehemu zinazosubiri hukumu.
- C6: sehemu zisizosomeka tena.
- C7: makosa ya usafirishaji kupitia waya.

C5 au C6 ikiwa juu ya sifuri, diski ndiyo mshukiwa mkuu. Nakili mafaili leo. C7 ikipanda peke yake, diski inaweza kuwa nzima. Badilisha waya wa SATA (unaounganisha diski na madabodi), ambao ni wa bei ndogo, kisha uone kama namba inaendelea kupanda. Haitashuka, kinachotakiwa ni isimame.

Onyo linalopuuzwa sana: usiendeshe `chkdsk /r` kwenye diski inayokufa kabla ya kunakili. Amri hiyo inasoma kila pembe ya diski kwa saa nyingi, na diski dhaifu inaweza kumalizikia hapo hapo. Kwa kuchungulia tu, `chkdsk C: /scan` inatosha.

Windows pia huweka kumbukumbu. Andika `eventvwr.msc` kwenye sehemu ya kutafutia, fungua Windows Logs, kisha System, nenda kwenye saa uliyoandika daftarini. Namba 7, 129 au 153 zinaelekeza kwenye diski au waya wake. WHEA-Logger inaelekeza kwenye vifaa, mara nyingi prosesa, ramu au umeme. Kernel-Power 41 inawadanganya wengi: inasema tu kwamba kompyuta haikuzimwa kwa utaratibu. Wewe mwenyewe ndiye uliyeshikilia kitufe.

Diski C ikijaa pomoni nayo inasababisha kukwama. Bakiza asilimia 15 wazi. Na kama bado unatumia hadi diski ya kuzunguka na safu ya Disk (kwenye dirisha la Ctrl + Shift + Esc) inakaa asilimia 100 kila ukiwasha, SSD (diski isiyozunguka) ya GB 240 au 256 itakubadilishia maisha kuliko ramu yoyote.

Hatua ya 7: Mtihani wa Linux

Hii ndiyo hatua inayomaliza ubishi, na wengi hawaijui. Pakua Linux Mint, mfumo wa bure unaofanya kazi kama ya Windows, karibu GB 3, iweke kwenye flashi tupu kwa programu ya Rufus. Washa kompyuta ukibonyeza F12 kwenye Dell au F9 kwenye HP, chagua flashi. Itawaka bila kugusa Windows yako, alimradi usibofye Install.

Itumie saa tatu au zaidi: fungua kurasa, cheza video. Ikiganda na huku, kupiga Windows ni kupoteza bando. Tatizo liko kwenye vifaa. Isipoganda kwa muda ambao kwa kawaida ingekuwa imeganda mara mbili, tatizo ni Windows, draiva, au diski, kwa sababu Linux ya kwenye flashi haiitegemei diski.

Hatua ya 8: Windows yenyewe

Sasa ndiyo zamu yake. Antivairasi mbili zikikaa pamoja hupigana, bakiza moja. Ondoa vile vifaa vya "kuamsha" Windows bila leseni, pamoja na programu zinazoahidi kusasisha draiva zote kwa mbofyo mmoja. Draiva ya picha na ya madabodi chukua kwenye tovuti ya mtengenezaji kwa namba ya modeli.

Fungua Command Prompt kama administrator, andika kwa mpangilio huu:

`DISM /Online /Cleanup-Image /RestoreHealth`
`sfc /scannow`

Ya kwanza inahitaji intaneti. Ikisimama muda mrefu kwenye asilimia ile ile, iache.

Kwa wenye SSD inayokwama sekunde 30 na kuzinduka, nenda kwenye mipangilio ya umeme ya Windows, zima Link State Power Management, uone.

Haya yote yakishindwa na Linux ikawa shwari, basi piga Windows, mafaili yakiwa pembeni. Windows 10 iliacha kupata masasisho ya kawaida ya usalama tarehe 14 Oktoba 2025, kwa hiyo mashine ikikubali Windows 11, weka hiyo moja kwa moja.

Hatua ya 9: Pawa saplai

Ukiwa na malitimita, weka kwenye DC volti 20, kompyuta ikiwa imewashwa na inafanya kazi. Kwenye plagi ya Molex ya pini nne, ncha nyeusi kwenye waya mweusi, nyekundu kwenye waya wa njano: isome kati ya 11.4 na 12.6. Waya mwekundu: 4.75 hadi 5.25. Nje ya hapo, badilisha. Ikisoma vizuri bado siyo nzima kwa uhakika, maana malitimita haioni mtikisiko wa haraka. Kuazima nyingine kunatoa jibu la kweli zaidi.

Kabla ya kununua, angalia plagi. Dell na HP nyingi za ofisini zina plagi na umbo lao wenyewe, pawa saplai ya kawaida ya dukani haitaingia. Nenda na ya zamani mkononi. Boksi likiwa bado wazi, mulika madabodi kwa tochi: kapasita iliyovimba kichwa au kutoa utomvu wa kahawia ni kazi ya fundi mwenye pasi ya risasi.

Bado inaganda?

*Inaganda kwenye gemu au video tu.* Joto la kadi ya picha, draiva yake, au pawa saplai isiyotosha. Rudi hatua ya 4 na 9.

*Inaganda ikiachwa bila kuguswa.* Zima usingizi wa diski kwenye mipangilio ya umeme, na sasisha BIOS (programu ya msingi iliyo ndani ya madabodi) kwa maelekezo ya mtengenezaji tu. Usisasishe BIOS bila UPS: umeme ukikatika katikati, madabodi imekufa.

*Saa inarudi nyuma kila ikizimwa.* Betri ya CR2032 imekwisha, badilisha. Mara chache sana ndiyo inayogandisha.

*Inaganda asubuhi tu, ikipata joto inatulia.* Tafuta kiungo kilicholegea: ramu, nyaya, au kapasita zilizochoka.

*Laptopu imevimba chini au padi ya mausi imeinuka.* Zima, usichaji tena, usitoboe. Betri imevimba na inaweza kuwaka.

*Inaganda kwenye Linux, ramu imepita mtihani, pawa saplai ni ya kuazima na nzima.* Iliyobaki ni madabodi au prosesa. Uliza bei ya matengenezo, kisha linganisha na bei ya boksi zima lililotumika. Mara nyingi boksi lingine ndilo la nafuu, na diski na ramu zako nzima zinaweza kuhamia humo zikioana nalo. Ukienda kwa fundi, chukua daftari, mwambie asiguse diski bila kukuuliza, na umwombe akurudishie kila kipande alichobadilisha.